Kunyamaza kwa Bibi Harusi si Tiki za Buluu



Leo hatukuja na michoro ya hina wala mishono ya madira. Tumekuja na ugomvi, na tunaomba radhi mapema kwa mashangazi na mama wadogo watakaojiona humu ndani. Nasi tumo.

Ilikuwa Mabibo, mwezi wa Shaaban, wakati ambao harusi hufuatana kwa kuwa kila kijana anataka kuingia Ramadhani akiwa na jiko lake. Nyumba yenyewe haiko mbali na Mahakama ya Ndizi, soko lile ambalo malori yake hushusha mikungu tangu usiku. Sisi wengine tulitoka Unguja kwa boti ya asubuhi, wengine tunaishi huku huku miaka mingi ila mchanga wa kwetu haujatutoka miguuni. Bibi harusi amekaa kitandani, hina imeshika vizuri, mtandio umemfunika, udi unafuka. Mlangoni akapiga hodi ami yake, ambaye ndiye walii, kwa kuwa baba mtu ametangulia mbele ya haki. Amefuatana na shekhe na mashahidi wawili. Akamuuliza kama ilivyo desturi: anampa idhini amwozeshe kwa fulani bin fulani, kwa mahari ya shilingi laki tano taslimu?

Sote tulikuwa tumeshavuta pumzi ya vigelegele. Bibi harusi akanyamaza. Akanyamaza tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ami, hayo mahari sikuulizwa."

Ami akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa simu. "Uliulizwa, mwanangu. Jumanne usiku. Na umesoma, jina lako hili hapa. Hukusema neno, nikajua umeridhia."

Jamani.

Ami hakudanganya. Jumanne ile usiku aliandika swali lake kwenye grupu la familia, akiwa kwake Unguja, kwa adabu zote, na akaanza na bismillahi. Baada ya swali lake mtu akatuma picha ya keki. Akaja mwingine na video ya mapambo ya ukumbi. Ikazuka vita ya rangi ya sare, zambarau au kijani cha chupa, vita iliyochukua usiku mzima na hata asubuhi haikuwa na mshindi. Bibi harusi alikuwa amelinyamazisha grupu hilo tangu wiki iliyotangulia, maana simu ilikuwa ikimlilia hata akiwa kwenye sijda. Jumatano adhuhuri aliambiwa na wifi yake mtarajiwa afungue aione keki. Akafungua, akaitazama keki, akafunga. Na kwa kuwa WhatsApp ndivyo ilivyoundwa, ukifungua grupu ujumbe wote uliokuwa ukisubiri huhesabiwa kuwa umeusoma. Mamia ya ujumbe, na ndani yake swali moja la maisha yake. Kwa simu ya ami, mtoto amesoma na amenyamaza.

Kila mmoja wetu aliyekuwa chumbani mle alikuwa mwanachama wa grupu lile. Tulijibu kuhusu zambarau. Hakuna aliyejibu kuhusu mahari, na hakuna aliyenyanyua simu kumwambia binti, "Ami yako anakuuliza jambo."

Sasa tuanze ugomvi wetu. Dini yetu imemjali mwanamwali mwenye haya. Tumefundishwa na Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, kwamba haozwi mpaka aombwe idhini, na kwamba akiona haya kutamka, kunyamaza kwake kunatosha. Ni huruma kubwa hiyo. Lakini ni kunyamaza kwa aliyeulizwa, akasikia, akaelewa, na aliyemuuliza yupo mbele yake anauona uso. Mama akimuuliza binti jikoni, anajua kimya hiki ni cha haya na kile ni cha uchungu. Simu haijui. Simu inajua kwamba kioo kiliguswa. Kuchukua rehema aliyopewa mwanamwali na kuifanya mtego wa tiki mbili, hilo tunalikataa, na tunalikataa kwa sauti.

Na mahari si jambo la kamati. Sura An-Nisaa, mwanzoni kabisa, imeyaweka mikononi mwa mwanamke mwenyewe. Binti yule hakuwa na tamaa ya makuu. Alitaka cherehani ya umeme ya kudarizi, kwa kuwa anashona, na chumba cha mbele cha nyumba wanayokwenda kuishi kinatazama barabara yenye wateja. Alikwisha kumwambia mama yake. Mama akamwambia dada yake, naye akaandika kwenye grupu. Unajua tena kilichotokea. Likafunikwa na bajeti ya maji ya kunywa.

Kuna watakaosema: basi, wanyang'anyeni mabinti simu. Tumelisikia hili, tena kutoka kwa watu wazima tunaowaheshimu. Mwari akishatiwa ndani, simu akabidhiwe somo wake mpaka fungate iishe. Hatukubali. Pale pale Mabibo pana Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na pana hosteli kubwa ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wangapi humo ni wachumba wa watu na wake za watu? Binti aliyeomba vyuo viwili akakubaliwa kote, anapaswa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu yake au barua pepe yake, na muda wa kuthibitisha una mwisho. Umnyang'anye simu halafu nafasi ipotee, nani atamjibu? Somo wake? Wapo wanaouza sabuni za liwa, wanaopokea oda za maandazi, wanaosubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi. Arifa kwao ni riziki inayogonga mlango. Tatizo letu ni kwamba riziki na porojo vinagonga mlango mmoja, kwa sauti moja, saa zote.

Hapa ndipo tunapotaka tusikilizane, maana mwanamke wa Kiislamu wa pwani hahitaji kufundishwa na mtu wa nje adabu ya kubisha hodi. Sisi tumelelewa nayo. Hodi ya kwanza, hodi ya pili, hodi ya tatu, kimya, unarudi kwenu na huna kinyongo. Abu Musa Al-Ash'ari, Mungu amridhie, alipiga hodi mara tatu kwa Sayyidna Umar, hakujibiwa, akaondoka, na Khalifa alipomuuliza kwa nini hakungoja alimtajia mafundisho ya Mtume. Na Sura An-Nur, aya ya 27 na ya 28, imetukataza kuingia nyumba za watu bila idhini, na tukiambiwa turudi, turudi. Sasa hebu tutazame simu zetu. Nani kati ya wale watu 180 wa kamati alipiga hodi? Nani aliambiwa "rudi" akarudi?

Kisha ipo aya ya 58 ya sura hiyo hiyo, ambayo wallahi kila tukiisoma siku hizi tunaona kama inatutazama sisi na simu zetu. Inataja nyakati tatu za siri ambazo hata watumishi wa nyumba na watoto wadogo wanatakiwa waombe ruhusa kuingia: kabla ya swala ya alfajiri, mchana wakati watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya swala ya isha. Mtoto mdogo uliyemzaa mwenyewe, anaombe ruhusa! Lakini mjumbe wa kamati ya vinywaji, ambaye hukumjua kabla ya mwezi huu, anaingia chumbani kwako saa tano za usiku na kengele yake, anakuta umelala na mumeo, anakuuliza kreti za soda ziwe ngapi.

Na si kwamba watu wana roho mbaya. Ndugu zetu wametawanyika. Muscat wako mbele yetu saa moja tu, hao hawana neno. Lakini Toronto ikiwa saa mbili ya usiku, mtu amemaliza kula na amekaa na chai yake ya tangawizi akiwakumbuka nyumbani, Mabibo ni saa tisa au saa kumi ya usiku, kutegemea majira yao. Anatuma salamu zake za mapenzi. Huku bibi harusi anashituka usingizini, moyo unamwenda mbio, anadhani kuna msiba.

Wale wa umri wetu mnakumbuka enzi za intaneti kafe, Darajani na Kariakoo, unalipia nusu saa na unasoma huku unaitazama saa. Jamaa waliokuwa Uingereza na Ghuba walituunga kwenye vikundi vya barua pepe vya Yahoo. Mazungumzo yalikuwa moto vile vile, siasa, harusi, misiba, nani kazaa nani kaolewa. Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo hatukujua thamani yake mpaka tulipolikosa. Mwanachama alichagua mwenyewe jinsi ya kupelekewa habari. Akitaka kila barua imfikie, sawa. Akitaka zote zifungwe fungu moja kwa siku, apate muhtasari mmoja, sawa. Akitaka asitumiwe chochote, aende mwenyewe kusoma akipata nafasi, sawa pia. Yahoo wakavifunga vikundi vile Desemba 2020, na wakati huo wengi wetu tulikwisha kuhama zamani.

WhatsApp tulikohamia hakuna fungu la siku. Kwa miaka mingi palikuwa na kengele, au kunyamazisha. Ilikuwa kama nyumba yenye mlango wa kufungwa kwa tofali au kuachwa wazi kabisa, bila komeo. Grupu moja linaweza kubeba watu 1,024 tangu 2022. Tiki za buluu zilikuja 2014, na ukizizima kwenye mipangilio ya faragha zinazimika kwa mazungumzo ya watu wawili tu, kwenye grupu haziizimiki. Kwa hiyo hata dada aliyejisitiri kwa kuzizima, shangazi akibonyeza kidogo ule ujumbe wake anaona nani kausoma. Kisha anapiga simu: "Umeona, hujajibu, una nini?"

Turudi kwenye stara, maana hili linatuuma. Ukiingizwa kwenye grupu namba yako inaonekana na wote. Bibi harusi ana wenzake ishirini ambao hawajaolewa, kamati imewaingiza wote ili wachangie sare, pamoja na marafiki wa bwana harusi, na rafiki wa marafiki, na mpiga picha, na mtu wa matarumbeta. Wiki haiishi, mabinti wanaanza kupokea "mambo vipi mrembo" kutoka kwa wasiowajua. Na wanaanza kupokea wale matapeli wetu mashuhuri, ile hela itume kwenye namba hii. Tanzania Bara ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ni jambo jema, lakini msitarajie afisa aje Mabibo kumkagua katibu wa kamati yenu. Hili ni la kwetu. Mama zetu walipotaka kualika harusi walimtuma mtu mzima apite nyumba kwa nyumba, na alichokiona ndani ya nyumba ya mtu alikiacha mle mle. Tangu 2019 unaweza kuweka kwenye WhatsApp kwamba wasio kwenye orodha yako wasikuingize grupu mpaka wakuombe. Ni hodi hiyo. Iwekeni leo, kabla hamjamaliza kusoma.

Ile orodha ya michango yenye alama ya vema mbele ya waliotoa, inayotumwa upya kila anapotoa mtu, nayo hatuisemi sana. Mjane wa mtaa wa pili aliyetoa elfu tano anaiona simu ikilia mara kumi kwa siku, na kila ikilia anajikuta mkiani. Tosha.

Kuhusu barua pepe. Tunajua mtatucheka. Barua pepe ni ya watu wa maofisini, mama wa Mabibo sokoni ana kazi gani nayo? Lakini shoga, unayo. Karibu kila mwenye simu ya Android anayepakua programu zake anayo, kwa sababu simu haikukubali bila akaunti ya Google. Swali ni nani aliyekufungulia. Kwa wengi wetu ni kijana wa dukani aliyetuuzia simu. Alituuliza jina, akaandika, akaweka neno la siri analolijua yeye, akatupa simu na kava la bure. Tukaondoka tunafurahia kava.

Tumewauliza mabinti kumi na wawili pale Mabibo, wakati tunasubiriana kwa hina. Watano hawakujua anwani yao ni ipi. Wanne waliijua lakini neno la siri hawalijui. Si utafiti huo, ni wanawake tu wamekaa mkekani. Ila tuliogopa. Akaunti ile ndiyo inayohifadhi majina ya simu yako, na kwa wengi ndiyo inayohifadhi picha. Picha za ndani. Picha bila mtandio, picha za kufanyiwa singo, picha ulizompigia mumeo kwa halali yako. Zote ziko kwenye kabati ambalo ufunguo wake wa pili yuko nao mtu asiye mahramu wako, ambaye pengine hana habari nazo, na pengine anazo. Nenda kwenye mipangilio, tafuta akaunti, badilisha neno la siri, weka namba yako mwenyewe ya kuirejeshea. Usimpe fundi akufanyie. Mwombe mdogo wako wa kike.

Ukishaimiliki barua yako ndipo utaona faida yake, maana barua pepe ina adabu ambayo grupu halina. Inakaa inakusubiri. Haimwambii shangazi kwamba umeisoma. Ukizima kengele yake, au ukaiambia Gmail ikuarifu kwa yale muhimu tu, barua haipotei, iko pale pale kwa tarehe yake, na unaweza kuitafuta kwa neno moja. Andika "mahari" kwenye kitafutio, itakuja. Mambo ya chuo, ya kazi, ya benki, yaelekeze huko. Na mambo ya harusi?

Hapa sisi wenyewe tuligombana, hatuwafichi. Mmoja wetu anasema kamati nzima ihamie kwenye barua pepe. Ni ndoto. Bibi wa Makunduchi hatofungua barua pepe ili ajue mchele umefika. Tulichokubaliana baada ya kahawa mbili ni kidogo zaidi, na tumekwisha kukifanya kwa harusi mbili tangu ile. Kamati inabaki na grupu lake la kupigia kelele, lakini bibi harusi hamo. Hamo kabisa. Si jeuri, ni heshima yake, kwani zamani nani aliyemwita mwari ukumbini ahesabu sufuria? Katibu mmoja, mwanamke mwenye kichwa kilichotulia, anaandika muhtasari mara moja kwa siku, baada ya alasiri, mistari kumi isizidi, na anautuma kwa barua pepe kwa bibi harusi, mama yake, na ndugu walioko nje. Wa Toronto anausoma kwake muda wake. Kwa wanafamilia wengine, grupu la matangazo ambalo admini pekee ndiye anayeandika. WhatsApp wameliruhusu hilo tangu 2018 na watu hawalitumii, sijui wanaogopa kukosa vichekesho.

Katibu wa harusi ya kwanza aliandika muhtasari wa mistari arubaini na akaambatanisha video. Tukamwambia kwa upole. Wa pili alijua kazi.

Na jambo lolote linalotaka kauli ya bibi harusi mwenyewe, mahari, masharti yake ya ndoa, nyumba atakayokaa, masomo yake baada ya harusi, halina arifa. Hilo linafuatwa kwa miguu, au kwa simu ya kupiga, sauti kwa sauti, na mama au somo akiwa pembeni. Walii aliyeko mbali apige. Dakika tatu za bando hazimshindi mtu aliyenunua kanzu mpya. Akimuuliza mwanawe akamsikia amenyamaza upande wa pili, atajua amenyamaza vipi.

Tunajua jibu mtakalotupa, kwa kuwa tumelipata: "Nyinyi mnataka kutenga familia. Grupu limetuunganisha." Ni kweli limetuunganisha. Ami yule alikuwa Unguja, asingejua hata siku ya harusi bila grupu lile, na mchango wa Muscat ulikuja kwa sababu mtu aliona picha akakumbuka nyumbani. Hatulivunji. Tunachokataa ni kwamba uanachama wa familia upimwe kwa kasi ya kujibu. Wifi anayesema bibi harusi ana kiburi kwa sababu hakuweka kikopa kwenye picha ya keki, huyo anatafuta neno na atalipata tu, grupu liwepo lisiwepo. Mavyaa mwenye hekima hujua mkwewe alikuwa anaswali.

Kwa nyinyi mnaoingia fungateni, tunasema kama masomo wenu. Nyakati tatu zile zitieni ndani ya simu. Ipo sehemu kwenye mipangilio ya simu karibu zote ya kuzuia usumbufu kwa saa unazozipanga mwenyewe. Pangeni kuanzia baada ya isha mpaka baada ya alfajiri, na kipande cha mchana. Wachagueni watu watatu wanaoruhusiwa kupita hata wakati huo: mama, baba au walii, na mume akiwa safarini. Akipiga mama saa nane ya usiku simu italia, na italia kwa haki yake. Wengine wote watasubiri jua. Na mume naye afanye vivyo hivyo, isiwe mke amefunga mlango na bwana simu yake inalia mpira wa Uingereza kitandani.

Siku ile Mabibo, mkitaka kujua, ami aliitazama simu yake kwa muda mrefu, kisha akamtazama binti wa kaka yake, akakaa chini kwenye mkeka pale pale mlangoni na kanzu yake nyeupe. "Basi nakuuliza sasa," akasema. "Wataka nini?" Binti akasema cherehani. Ujumbe ukatoka nje kwenye turubai kwa mguu, ukabebwa na mtoto wa miaka tisa. Bwana harusi akarudisha jibu kwamba yupo radhi, tena alikuwa akijiuliza kwa nini hakuombwa kitu cha kufanyia kazi. Shekhe akaandika. Ami akauliza tena kwa utaratibu, na safari hii binti alinyamaza, akainamisha kichwa, na chumba kizima kilijua ni kimya cha namna gani. Vigelegele vilipotoka, jirani aliyekuwa na spika za singeli alizima mwenyewe.

Biriani ilipoa kidogo. Cherehani ipo chumba cha mbele, na kanzu mbili za Idi za ami zimedariziwa pale.

Grupu la harusi halikufungwa. Juzi tumeona limebadilishwa jina, sasa linaitwa "Akika ya Mtoto Inshaallah", na sote 180 tumo, pamoja na mtu wa matarumbeta. Mimba yenyewe hatujaambiwa kama ipo.